Gari ya zamani ikikata umeme wote halafu ikajirudi yenyewe: pima kwanza, betri utanunua baadaye



Mada ya leo ni ndefu kidogo, mwenye muda mfupi aichape kabisa akasome nyumbani. Inahusu ule ugonjwa wa magari ya zamani unaowatesa wenye gari na mafundi kuliko mwingine wowote. Gari inatembea vizuri, ghafla umeme wote unakata. Taa zinazima, injini inazima, honi hailii. Unakaa dakika chache, unazungusha ufunguo, inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukiipeleka gereji haizimi, fundi anakwambia "mbona nzima?" Ukitoka nayo, usiku ule ule inakata tena.

Mimi si fundi. Nimeshinda sana gereji ya jirani tangu nimalize kidato cha nne, na ugonjwa huu nimeuona kwa macho yangu ukitaka kutuua. Ndiyo maana naandika.

TULIVYOPONEA UKINGONI

Mjomba wangu ana Landrova 109 ya petroli, zile za Series III. Huku kwetu Uwanda wa Makonde gari kama hiyo ikifanya kazi inafanya zote: inabeba korosho, madumu ya maji, maharusi na wagonjwa. Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka mgonjwa Masasi. Kwa wasioijua njia hiyo, ukitoka Newala unaanza kuteremka ukingo wa uwanda, kona baada ya kona, na upande mmoja ni bonde.

Katikati ya mteremko, giza. Siyo taa moja, zote. Injini nayo kimya. Mjomba alikanyaga breki kwa kukumbuka kona ilivyokuwa sekunde moja kabla, gari ikasimama tairi la kushoto likiwa limeshaacha barabara. Hakuna aliyeongea. Mgonjwa ndiye wa kwanza kuuliza, "tumefika?"

Baada ya kama dakika tano ikawaka. Tukafika Masasi, mgonjwa akapona, nashukuru Mungu. Lakini tangu siku ile abiria wakaanza kuikwepa. Mmoja alisema gari imechezewa. Mjomba akanunua betri mpya, bado. Akapeleka alternata ikafungwa upya, bado. Akabadilisha swichi ya ufunguo, bado. Malipo ya korosho ya msimu mzima yakaishia kwenye spea, na mwisho akaanza kuongea na watu wa chuma chakavu.

Kumbe kilichoharibika hakikuwa spea hata moja. Nitafika huko. Kwanza tuelewane njia ya umeme inavyopita, maana ukiielewa hiyo nusu ya kazi imeisha.

NJIA YA UMEME KWA UFUPI

Umeme wa gari ni safari ya kwenda na kurudi. Unatoka kwenye kichwa chanya cha betri, unapita kebo nene hadi stata. Pale kwenye bolti ya stata (au kwenye solenoidi yake) kuna waya mwingine unaopanda kwenda kwenye dashibodi: swichi ya ufunguo, swichi ya taa, boksi la fyuzi. Waya mnene kutoka alternata nao mara nyingi unakuja kufungwa pale pale. Ukishafanya kazi kwenye taa au koili, umeme unarudi kupitia bodi na chasi hadi kichwa hasi cha betri. Huo upande wa kurudi ndio mafundi wanauita athi.

Kwa hiyo umeme unaweza kukatika wakati wa kwenda au wakati wa kurudi. Watu wengi wanaangalia wa kwenda tu. Athi wanaisahau kwa sababu haionekani, ni bati na bolti tu.

Kwenye Landrova na magari mengine ya Kiingereza ya zamani, rangi za waya zinakusaidia sana. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, haupiti kwenye swichi. Nyeupe ni umeme wa baada ya kufungua ufunguo. Kijani ni ule wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Zambarau ni wa moja kwa moja uliopita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi. Gari ikiwa imepita mikononi mwa watu wengi rangi zinaweza kuwa zimechanganywa, lakini anza nazo.

SWALI LA KWANZA: KIMEKUFA NINI?

Kabla hujashika spana, jibu swali hili kwa uhakika. Siku gari ikikata, usikimbilie kuiwasha tena. Ukishaisimamisha mahali salama, kaa sekunde kumi ukiwa na ufunguo umefunguliwa, uangalie.

1. Vimekufa VYOTE kwa pamoja (taa, honi, injini, hata ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi). Basi tatizo liko mahali ambapo vyote vinachangia: vichwa vya betri, kebo ya athi, au ule waya wa kahawia unaopanda kwenda dashibodi. Achana na koili, achana na plagi.

2. Injini imezima lakini taa kubwa zinawaka, na taa ya chaji haiwaki hata ufunguo ukiwa umefunguliwa. Angalia swichi ya ufunguo na waya mweupe.

3. Injini imezima, taa zinawaka, na taa nyekundu ya chaji INAWAKA. Umeme umefika kwenye swichi na kupita. Tatizo liko mbele zaidi: waya wa kwenda koili, koili yenyewe ikishika moto, plaitina, kondensa. Na usisahau petroli, maana gari iliyokosa petroli nayo inazima kama iliyokosa umeme.

4. Injini inaendelea kunguruma lakini taa zimekufa. Swichi ya taa, au athi ya upande wa mbele.

5. Ukizungusha ufunguo unasikia "tik" na taa zote zinafifia. Hapo mshukiwa ni betri yenyewe, vichwa vyake, au kebo nene, pamoja na ile ya athi kati ya injini na chasi.

Kwa wenye dizeli: dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, zile za kuzima kwa kuvuta waya, haziwezi kuzima kwa kukosa umeme. Zikishawaka zimewaka. Lakini dizeli nyingi za Toyota, kama 3L ya Hiace na 1HZ ya Landkruza, zina valvu ya umeme kwenye pampu ambayo ikikosa umeme inafunga mafuta. Hizo zinazima kabisa, na watu wanafungua pampu bure wakati ubovu ni waya.

SWALI LA PILI: INAKATA WAKATI GANI?

Nunua daftari la shilingi chache. Kila ikikata andika: saa ngapi, taa zilikuwa zimewashwa au hapana, injini imepata moto au ya baridi, mvua au vumbi, barabara ya mashimo au laini, na ilijirudi baada ya muda gani.

Ikikata kwenye mashimo tu, tafuta kitu kilicholegea kinachocheza. Ikikata siku za mvua, tafuta maji yanapoingia. Ikikata baada ya kutembea muda mrefu na kurudi ikipoa, tafuta kitu kinachopata moto.

Daftari la mjomba lilikuwa na mistari sita. Yote sita ilikuwa USIKU. Mchana hata mara moja haikuwahi kukata, hata kwenye makorongo. Yeye alichukulia ni mkosi. Fundi mzee wa gereji yetu alipoisoma ile karatasi alicheka, akasema, "Hii gari inaogopa taa zake yenyewe."

KWA NINI USIKU TU?

Hapa kuna hesabu ndogo, usiruke. Ni ile ile ya fizikia ya sekondari: volti ni ampea mara omu, na joto ni ampea mara ampea mara omu.

Tuseme kuna kiungo cha waya kimeoza, kina ukinzani wa omu 0.1 tu. Mchana gari inatumia kama ampea 4, koili na vitu vidogo. Volti zinazopotea kwenye kiungo ni 4 x 0.1 = 0.4. Huwezi hata kujua. Joto lake ni wati 1.6, halichomi hata kidole.

Usiku unawasha taa kubwa mbili, taa ndogo, taa za dashibodi. Jumla inafika ampea 15. Sasa volti zinazopotea ni 1.5, taa zinakuwa na wekundu fulani hivi. Na joto? 15 x 15 x 0.1 = wati 22.5. Hiyo ni kama kuweka ndani ya dashibodi pasi ndogo ya kulehemu redio, imewashwa, imefungwa na tepu. Umeme umeongezeka karibu mara nne, joto limeongezeka mara kumi na nne!

Kiungo kikipata moto kinatanuka, kutu yake inazidi, ukinzani unapanda, moto unazidi, mpaka kinaachia. Umeme ukikatika kinapoa, kinabana tena, kinagusana. Unawasha gari, inawaka, unasema imepona. Haijapona. Kila ikijirudia kiungo kinazidi kuoza, na siku moja tepu itashika moto.

Na ndiyo sababu gereji hawaoni ugonjwa. Gari inafika saa nne asubuhi, taa zimezimwa, kiungo kimepoa. Multimita ikiwekwa pale inasoma volti 12.6 safi kabisa, kwa sababu mita yenyewe haili umeme. Waya uliobakiwa na uzi mmoja unaipa mita volti zote, lakini hauwezi kubeba taa. Kwa hiyo shika neno hili moja katika mada nzima: UBOVU WA KWENDA NA KURUDI UNAPIMWA WAKATI UMEME UNATUMIKA. Ukipima gari ikiwa imepumzika unajidanganya.

VIFAA

Huhitaji kompyuta. Unahitaji multimita ya bei ya chini, globu tatu ndogo za dashibodi zenye soketi, globu moja ya taa kubwa hata ya zamani ili mradi inawaka, waya mita kama kumi, vishikizo vya mamba, fyuzi za ampea 5 zenye soketi, msasa, brashi ya waya na spana. Wenye Landrova za Series kumbukeni bolti zake nyingi ni za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utakula kona za nati.

UKAGUZI HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Betri. Iache gari imelala usiku kucha, asubuhi pima kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imepungua kiasi, 12.0 iko karibu kuisha. Washa injini, ongeza moto kidogo: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji au mkanda unateleza. Ikipita 15, regyuleta imekufa na inapika betri.

Hatua ya 2. Vichwa vya betri. Usivitazame tu, vifungue. Anza kufungua hasi, malizia kufunga hasi, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, yanaua asidi. Ila yasiingie ndani ya betri. Kausha, piga msasa kichwa na kishikio chake mpaka ving'ae, kaza, NDIPO upake grisi juu. Usisogeze moto wala sigara, betri inayochaji inatoa gesi inayolipuka.

Hatua ya 3. Athi. Weka mita kwenye volti. Waya mmoja kwenye risasi ya kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu apige stata. Mita ikisoma chini ya volti 0.2 ni nzuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, athi imekufa. Stata inakula ampea 150 au zaidi, kwa hiyo hata omu 0.02 inakunyang'anya volti 3. Rudia kipimo kati ya kichwa hasi na bodi, taa zote zikiwa zimewashwa.

Hatua ya 4. Upande chanya. Vile vile: mita kati ya kichwa chanya na bolti ya stata huku mtu anapiga stata, isizidi 0.5. Halafu kati ya kichwa chanya na mahali waya wa kahawia unapoingia kwenye swichi ya taa, taa zote zikiwa zimewashwa. Zaidi ya nusu volti hapo, kuna kitu njiani kinakula umeme. Usidharau kasoro ndogo, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua ya 5. Kutikisa. Injini imewashwa, taa zimewashwa, shika kila fungu la waya ulitikise taratibu, anzia betri kwenda dashibodi. Mwenzako aangalie taa. Zikipepesa umeshafika jirani.

Hatua ya 6. Kupima kwa mzigo. Waya unaoushuku, chukua umeme wake kwenye ncha ya mbali uuwekee globu ya taa kubwa, athi yake ukiipeleka moja kwa moja kwenye betri. Globu ikiwaka kwa nguvu waya ni mzima. Ikiwa nyekundu kama kaa la moto, waya umekufa hata kama mita inasema 12.6.

UJANJA WA GLOBU TATU

Hii ndiyo iliyookoa gari ya mjomba, na ndiyo hasa sababu ya kuandika. Hatua zote za juu zinaweza kupita bila kuona kitu kama ugonjwa umelala. Hapo unautegea mtego.

Globu A: chanya yake kwenye bolti ya stata, hasi yake moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri.

Globu B: chanya yake pale umeme unapoingia kwenye swichi ya taa au ya ufunguo, hasi yake nayo kwa waya mrefu hadi kichwa hasi cha betri. Usiifunge kwenye bodi.

Globu C: chanya yake kwa waya mrefu kutoka kichwa chanya cha betri, hasi yake ndiyo unaifunga kwenye bodi, chini ya dashibodi.

Kila waya unaoanzia chanya uwekee fyuzi ya ampea 5 karibu na unapoanzia. Zipange globu zote tatu juu ya dashibodi, uziandike herufi zake. Halafu simamisha gari mahali pa wazi, jiwe kwenye matairi, washa injini, washa taa zote, mkae mnasubiri. Msifanye jaribio hili barabarani. Ugonjwa wa moto unakuja hata gari ikiwa imesimama.

Gari ikikata, majibu ni haya:

- B imezima, A na C zinawaka: ubovu ni kwenye waya wa kwenda, kati ya stata na dashibodi.
- C imezima, A na B zinawaka: ubovu ni athi ya bodi.
- A imezima: rudi kwenye betri, vichwa vyake na kebo nene.
- Zote tatu zinawaka lakini injini imezima: umeme wa kuingia ni mzima. Tafuta mbele ya swichi, au kwenye mafuta.

Sisi tulikaa uwanjani kwa fundi jioni, mimi nikiwa kiti cha abiria na saa mkononi. Dakika ya kumi hakuna kitu. Mjomba akaanza kusema nilijua tu, ikisimama haikati. Dakika ya kumi na nane globu B ikaanza kuwa nyekundu. Nikaita. Fundi akaja kuchungulia, na mbele ya macho yetu B ikazima, injini ikakohoa ikanyamaza, uwanja mzima giza. Vikabaki vitaa viwili tu juu ya dashibodi: A na C.

Kwa muda mfupi tu, kitu kilichomaliza malipo ya korosho ya msimu mzima kikawa kimeonyesha kinapokaa.

TULICHOKIKUTA

Fundi alifungua kichwa hasi cha betri kwanza, halafu akaingiza tochi nyuma ya dashibodi. Ule waya wa kahawia ulikuwa umekatwa zamani na mtu aliyetaka umeme wa taa za ziada za mbele. Ncha zilisokotwa kwa mkono, hazikulehemiwa, zikafungwa tepu. Taa za ziada zilishang'olewa miaka mingi, kiungo kikabaki. Tepu ilikuwa imeyeyuka kama lami, shaba ndani imekuwa nyeusi na kijani, na plastiki ya waya wa jirani imeanza kuungua.

Betri mpya haikuweza kutibu hilo. Wala alternata, wala swichi.

Dawa ilikuwa hii. Fundi alikata sehemu yote iliyoungua mpaka akafika kwenye shaba nyekundu inayong'aa, akaweka kipande kipya cha waya wa unene ule ule, akalehemu na kufunika kwa mpira wa kubana, akaufunga fungu zima usicheze. Kisha akaongeza rilei kwa ajili ya taa kubwa, ili umeme wao mzito uje moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake na usipite tena kwenye swichi ya zamani. Kabla ya hapo, taa zikiwa zimewashwa, volti 1.7 zilikuwa zinapotea kati ya betri na swichi. Baada ya hapo, 0.2. Taa zikawa nyeupe mpaka mjomba akauliza kama zimebadilishwa.

MAMBO YA PEKEE KWA BAADHI YA MAGARI

Landrova. Zilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948 bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chasi ni chuma. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu vinalana, na unga mweupe unaojitokeza haupitishi umeme. Ndiyo maana taa zilizofungiwa athi kwenye bodi zinafifia bila sababu, hasa kwa gari zilizokaa pwani kama Mtwara na Lindi. Dawa ni kupitisha waya mweusi kutoka kila taa hadi chasi au betri, usitegemee bati.

Landrova za kabla ya mwaka 1967. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na athi upande wa CHANYA. Ukifunga redio au chaja ya simu bila kujua, unaunguza. Angalia kwanza kebo ipi ya betri inakwenda kwenye chasi. Na nyingi zina dinamo badala ya alternata, kwa hiyo taa kufifia injini ikinguruma pole pole kwao ni kawaida.

Utani wa Lucas. Waingereza wenyewe wana utani kwamba Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vingi vya umeme vya magari yao, ni Mfalme wa Giza. Utani mzuri, lakini usikufanye uache kupima. Waya wa miaka 40 uliokatwa na kuungwa na mafundi kumi ungesumbua hata ungetengenezwa na malaika.

Toyota za zamani. Karibu na kichwa chanya cha betri kuna vipande vya waya wa fyuzi, vinaungua ndani kwa ndani ilhali ganda la nje ni zima. Vivute taratibu: kikinyooka kama raba, ndani kimekatika.

Pikipiki nazo ni hivyo hivyo. Njia ni fupi, lakini athi, swichi ya ufunguo na viungo vya kusokota chini ya taa ya mbele ndiyo magonjwa yale yale.

MAMBO YA KUACHA KABISA

Kuchomoa kebo ya betri injini ikiwa inawaka ili "kupima alternata". Nimeona ikifanywa mara nyingi. Alternata ikinyang'anywa betri ghafla inaruka volti juu sana, inaua dayodi zake na regyuleta. Tumia mita.

Kuweka karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikiungua inakuambia kitu. Ukiinyamazisha, kitakachofuata kuungua ni gari.

Kusokota waya na kufunga tepu. Kama uko njiani fanya ufike, lakini ukifika rudi ulehemu. Ya mjomba nayo ilianza kama ya muda.

Kununua spea kabla ya kipimo. Fundi akikuambia "tujaribu kubadilisha betri", muulize amepima nini na imesoma ngapi. Siyo dharau, ni haki yako, pesa ni yako.

Na kutembea usiku na gari inayokata. Kama hujaipata bado, tembea mchana, weka tochi karibu, na kwenye mteremko shuka kwa gia nzito. Breki zenye sevo zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu baada ya injini kuzima, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Ikikata, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipige pige.

KWA KUMALIZIA

Landrova ya mjomba bado ipo, watu wa chuma chakavu wameondoka mikono mitupu. Juzi usiku tulishuka tena ule ukingo wa Newala, taa zinaona mpaka kona ya pili. Mjomba hakuongea kitu mpaka tulipofika chini. Halafu akasema tu, "zile globu zako ziko wapi?" Nikamwambia ziko kwenye boksi chini ya kiti. Akasema zisitoke humo.

Naomba kuwasilisha. Mafundi mliomo humu, nilipokosea nisahihisheni hapo chini kwenye maoni, na mwenye gari inayosumbua aandike: aina ya gari, petroli au dizeli, kinachokufa ni nini, na inakata wakati gani. Bila hayo manne hakuna wa kukusaidia. Tuwe pamoja.